Somo la Historia: Maji ya Moto ya Mtagata



Leo twende kaskazini, tupite Biharamulo, mpaka Karagwe ya zamani. Huko, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Kyerwa, iko chemchemi ya Mtagata. Maji yake hutoka ardhini yakiwa ya moto, wala hakuna aliyekoka kuni. Sababu ni nini? Maji ya mvua huzama chini sana, yakapata joto la miamba, kisha hupanda tena juu kupitia nyufa. Katika Kinyankole, lugha iliyo jirani na Kinyambo, kutagata maana yake ni kuwa na joto. Hata Uganda iko chemchemi iitwayo Kitagata.

Sasa tusikilize historia. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, H. M. Stanley, alikuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Aliomba kuiona chemchemi, na mfalme akampa watu wa kumwongoza njia. Stanley aliyapima maji. Yaliyokuwa ya moto kupita yote yalifika karibu digrii 54 za sentigredi. Kisha akaandika habari hizo katika kitabu chake.

Je, Stanley ndiye aliyeivumbua Mtagata? Sivyo. Alipofika aliwakuta wagonjwa wanaoga, na sifa ya maji hayo ilikwisha kuenea katika nchi za jirani. Alionyeshwa njia na wenyeji walioijua tangu zamani. Lakini yeye aliandika, na wale wagonjwa hawakuandika. Kwa hiyo kipimo cha Stanley tunacho mpaka leo, bali majina ya wagonjwa wale, na safari zao, hatunayo.

Wanafunzi wapenzi, jambo hili linatuhusu sisi. Kila mzee anayefariki huondoka na habari zake. Ninyi sasa mnajua kushika kalamu. Msingoje mgeni aje kuwaandikia.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maji ya Mtagata ni ya moto?
2. Nani waliijua chemchemi kabla ya Stanley?
3. Mwulize mzee mmoja habari za kisima, mto au mlima wa kwenu. Andika mistari mitano, utaje na jina lake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.