Pensheni nchini Burundi: nani wa Cibitoke atakayelipwa uzeeni?

Cibitoke inayozungumzwa hapa ni ile ya kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani ya Mutakura, Ngagara na Kinama, si ile iliyo mpakani mwa Kongo na Rwanda. Ni mtaa wa waashi, mafundi cherehani, walinzi wa usiku na wachuuzi, pamoja na walimu na makarani. Wote huzeeka, ila ni wachache tu miongoni mwao walio na haki ya pensheni.

Historia yake ni ya zamani kuliko uhuru. Mwaka 1956 utawala wa Ubelgiji uliweka pensheni ya wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi, na mwaka 1962, Burundi ilipojitawala, ikaanzishwa Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo kila mtu mjini huiita kwa herufi zake za Kifaransa, INSS. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba hata sehemu moja ya Rohero huitwa INSS. Watumishi wa serikali waliwekewa baadaye ofisi yao wenyewe, ONPR.

Fedha za pensheni ya michango hutoka mahali pawili hasa. Ama mfanyakazi wa leo anamlipa mzee wa leo kwa matumaini kwamba kizazi kijacho kitamlipa yeye, ama fedha hukusanywa, huwekezwa katika majengo, benki na hati za serikali, kisha faida yake hugawiwa. Mfuko wa Burundi hutegemea zaidi njia ya kwanza. Nchi yenye vijana wengi kama Burundi ingepaswa kuiendesha njia hiyo kwa urahisi, kwani vijana ndio walipaji. Lakini kijana asiye na mwajiri wala mshahara hachangii chochote, hata wawe milioni ngapi.

Kwa aliye na mwajiri, hesabu ya kanuni ya mwaka 1999 ilikuwa nyepesi. Mfanyakazi alikatwa asilimia 4 ya mshahara, mwajiri akaongeza asilimia 6, na mshahara uliohesabiwa haukupita faranga 450,000 kwa mwezi. Anayefikisha umri wa miaka 60 akiwa amechangiwa miaka isiyopungua 15 hupata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka 3 au 5 ya mwisho, ule ulio mkubwa zaidi. Kila mwaka unaozidi 15 huongeza asilimia 2, mpaka kikomo cha asilimia 80. Tuchukue mlinzi wa ghala ambaye wastani wake ni faranga 100,000 na aliyechangiwa miaka 20: asilimia 30, na 10 juu yake, yaani faranga 40,000 kwa mwezi hadi kufa kwake. Mwenzake aliyeishia miaka 14 hapati pensheni ya kila mwezi. Hulipwa fungu moja, na uhusiano wake na mfuko ukaishia hapo.

Mwaka mmoja unaweza basi kuwa tofauti ya maisha mazima. Ndiyo maana mwajiri anayemkata mfanyakazi bila kuupeleka mchango wake anafanya jambo zito kuliko linavyoonekana katika karatasi ya mshahara. Mfanyakazi akingoja hadi afikishe miaka 60 ndipo aulize kama jina lake limo katika hesabu za INSS, mwajiri huyo huenda amekwisha kufunga duka au kuhama nchi.

Kanuni hiyo iliweka pia kiwango cha chini: pensheni isishuke chini ya asilimia 60 ya kima cha chini cha mshahara. Ulinzi huu unapendeza mpaka mtu akitazame kima chenyewe. Kiliwekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 kwingineko, na kwa miongo mitatu na zaidi kiliachwa palepale. Kwa siku 26 za kazi, asilimia 60 ya faranga 160 ni faranga 2,496 kwa mwezi.

Bei za vitu hazikungoja. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa faranga 2,080 hivi ikavuka 2,800. Mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 25. Mchuuzi aweza kupandisha bei ya mchele asubuhi ileile. Mzee mwenye pensheni hungoja serikali iamue.

Wasio na mwajiri hujitegemea kwa ikirimba, kile ambacho Watanzania hukiita upatu na Wakenya chama. Kila mwanachama huweka fungu lake, na kila zamu mmoja huondoka na chungu chote. Ni chombo kizuri cha kununua cherehani au kulipa karo. Ila ikirimba hulipa zamu moja, wakati uzee hauna zamu: aliyechukua chungu akiwa na miaka 62 huenda akaishi hadi 85, na wanachama wenzake wanazeeka pamoja naye.

Majirani wamejaribu njia mbalimbali. Rwanda ilianzisha Ejo Heza mwishoni mwa 2018, akiba ya hiari ambayo hata mkulima huweka kidogo kidogo, na serikali humwongezea asiye na uwezo. Kenya ilikuja mwaka 2011 na Mbao, mpango wa shilingi 20 kwa siku kwa mafundi wa jua kali. Zanzibar haikudai mchango wowote: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hulipwa, awali shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Hiyo ya Zanzibar ndiyo pekee inayomfikia mtu ambaye hakuwahi kuwa na cha kuweka, na ndiyo inayoigharimu hazina zaidi. Burundi nayo ilipitisha sheria mpya ya hifadhi ya jamii Mei 2020, inayowagusa pia wasio na ajira rasmi.

Limebaki jambo moja linalozigusa familia za mitaa ya Waswahili. Mfanyakazi akifariki, mjane wake hupewa nusu ya pensheni, lakini mjane anayetambuliwa ni yule ambaye ndoa yake imeandikishwa katika daftari la komuni. Nikahi ya msikitini peke yake, hata iwe imedumu miaka 30 na kuzaa watoto saba, haitoshi mbele ya dirisha la malipo. Mwaka 2017 serikali iliwataka wote waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya kisheria waandikishe kabla ya mwaka kwisha. Walioandikisha wakati ule, wengine kwa kunung'unika, waliwapatia wake zao haki hiyo.