Mantiki, Kompyuta na Zuio la Mwaka 1974

Watu wengi hudhani kwamba falsafa na mitambo ni majirani wasiosalimiana. Historia haiafiki dhana hiyo. Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliunda mashine ya kuhesabu katika karne ya 17, na mwaka 1703 akachapisha maelezo ya namna ya kuandika hesabu zote kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mwaka 1854 George Boole, mtaalamu wa Kiingereza, alizigeuza kanuni za mantiki kuwa hesabu. Naye Alan Turing alipotaka kuuliza, mwaka 1950, kama mashine yaweza kufikiri, alilipeleka swali lake katika jarida la falsafa, wala si la uhandisi. Basi mwalimu wa falsafa anayeishabikia kompyuta hakuitupa kazi yake. Ameikuta mantiki yake imevikwa mwili wa chuma.

Katika Tanzania mapenzi hayo yalikutana na kikwazo cha namna ya pekee. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa, ya kukodolewa macho na wengi na kufahamika kwa wachache, na uendeshaji wake ulitegemea sana wataalamu wa kigeni. Hesabu za serikali zilipohamishiwa katika mitambo ya jinsi hiyo, matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Makosa yalizidi, hasara ikapatikana, na kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake.

Si haki kuwacheka walioamua hivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeifundisha nchi kujitegemea, na bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 ilikuwa imezikausha fedha za kigeni. Mashine ya bei kubwa, isiyotii ila amri za mgeni, ilikuwa kinyume cha mafundisho hayo. Tena aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Swali lililoulizwa mwaka 1974 lilikuwa swali zito la falsafa: je, mtu anakitawala chombo, au chombo kinamtawala mtu?

Lakini wakati haukuwangoja waliouliza. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya zuio, ilitangazwa Marekani kompyuta ndogo iliyoitwa Altair, ambayo mtu aliweza kuinunua na kuiunganisha mwenyewe mezani. Mwaka 1977 ikafuata Apple II, na mwaka 1981 kompyuta binafsi ya IBM. Marufuku ilitungwa kwa ajili ya tembo, ikamnasa sungura. Mashine ya Hazina ilimfanya mtu kuwa mtumishi wa wataalamu. Mashine ndogo ilimwezesha mtu mmoja, katika chumba chake, kuandika amri zake, kuona kosa lake, na kulirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Ikiwa kujitegemea ndiko kulikotakiwa, sungura huyo alikuwa karibu zaidi na Azimio kuliko ilivyodhaniwa.

Hasara ya elimu haikuwa ndogo. Mwaka 1985 mtaalamu wa Helsinki, Arvi Hurskainen, alianza kazi ya kuifundisha kompyuta kulichambua neno la Kiswahili: kiambishi cha nafsi, cha wakati, mzizi na mnyambuliko wake. Wakati huo kompyuta zilikuwa bado adimu katika Dar es Salaam. Lugha ya watu wa pwani ilipata mashine ya kuisoma huko kwenye theluji kabla ya wenyewe kuizoea.

Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguka. Kompyuta zikaingia maofisini na vyuoni, kisha zikashuka mitaani. Kinondoni, Mwenge, Temeke na Mbagala zikajaa vibanda vya kuchapa, ambamo mwanafunzi huleta tasnifu yake iliyoandikwa kwa mkono, akaketi kando ya mchapaji akimsomea sentensi baada ya sentensi. Mwaka 2003 serikali ile ile iliyokuwa imefunga mlango ilitoa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kikatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya uandishi iliyomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili.

Kazi hiyo haikuwa tafsiri tupu. Kila neno lililoonekana kwenye kioo lilimtaka mtu aamue. Hata jina la chombo lenyewe lilikuwa na mashindano: wengine walisema ngamizi, wengine tarakilishi, na umma ukashika kompyuta. Kulipa jambo jina ni kulifikiri kwanza; na hapo mwalimu wa falsafa, mwanaisimu na fundi wa programu hukalia jamvi moja.

Hapana shaka kwamba zuio la mwaka 1974 lilikosea katika jibu lake. Halikukosea katika swali lake. Leo simu ya mkononi imo katika mfuko wa mchuuzi wa Tandika, na mashine zinazotunga sentensi za Kiswahili zimekwisha kuja. Wachache wanajua amri zake zimeandikwa na nani, na kwa lugha gani. Nchi iliyoliuliza swali hilo kwa hofu ilifunga mlango. Nchi itakayoacha kuliuliza kwa sababu ya furaha itakuwa imefungua mlango na kulala usingizi.