Daftari la Sayyidna Umar

Wanahistoria wetu wamesimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyetawala mwaka 634 hadi 644, kila alipomteua liwali aliandika kwanza mali yake. Wala hakuliacha daftari lilale. Alimtuma Muhammad bin Maslama mpaka Misri kuihesabu mali ya Amr bin al-As, na nusu yake ikatiwa Baitulmali. Hakungoja wizi uthibitike, kwani biashara ya mtawala hunawiri chini ya kivuli cha cheo chake.

Leo Tanzania, kwa sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995, diwani hutakiwa atamke mali zake. Lakini tamko lisilolinganishwa na zabuni na viwanja vinavyopitishwa barazani ni karatasi tu. Amana hailindwi kwa dhana njema peke yake.