Utani wajenga, dhihaka yabomoa: Nafasi ya kicheko katika afya ya akili

MTAA wa Majengo, Pumwani, ni miongoni mwa makazi makongwe ya Waafrika jijini Nairobi. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nao ukawapokea watu waliohamishwa kutoka vijiji vilivyovunjwa na serikali ya kikoloni, kikiwemo Pangani kilichobomolewa mnamo 1939. Jirani yake ni soko la Gikomba, ambalo limeteketea mara kadhaa. Mkasa wa Juni 2018 uliwaua watu wasiopungua 15.

Mtu aliyepoteza mali yote usiku mmoja hujikokota vipi hadi kesho yake? Jibu mojawapo ni utani.

Katika Afrika Mashariki, utani si porojo tupu. Baina ya Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, mtani ana ruhusa ya kumfanyia mwenzake masihara hata matangani, naye mfiwa hapaswi kukasirika. Aghalabu mtani huyo huyo ndiye hushughulikia mazishi. Kicheko chake, basi, huandamana na msaada.

Wanasaikolojia wameafiki umuhimu huo. Mnamo 1998 Mmarekani Martin Seligman alihimiza taaluma hiyo ichunguze pia yale yanayomwimarisha binadamu, badala ya kujikita katika maradhi pekee. Mnamo 2011, Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha kuwa kucheka pamoja humwongezea mtu uwezo wa kustahimili maumivu.

Hata hivyo, si kila kicheko ni dawa. Mnamo 2003 Rod Martin wa Kanada na wenzake waliainisha ucheshi katika mafungu manne. Mawili hujenga: mzaha unaowaunganisha watu, na ule wa kujiliwaza wakati wa dhiki. Mawili hubomoa: dhihaka ya kuwaumiza wengine, na mazoea ya kujidunisha ili wenzako wacheke.

Isitoshe, kicheko chaweza kuwa kilio. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko visivyozuilika, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Watafiti hawakuona furaha pale, bali msongo wa mawazo.

Wahenga walinena kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Mchuuzi anayejitania kila mara kwamba hana thamani, asiyelala wala kula, huenda anaomba msaada. Mwulize faraghani, msikilize bila kumkatiza, kisha umsindikize hospitalini. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Kwa uamuzi huo, aliyelemewa alipunguziwa hofu ya kusema wazi yanayomsibu.