Unataka kunyanyua bodi ya pikapu nyumbani? Kagua vitu hivi kabla ya kushika jeki

- Njia hii inaongeza nafasi ya tairi kubwa, haiinui chasi wala difu.
- Usukani, breki, feni na mpira wa mafuta ndizo sehemu za kuangalia kwa makini.
- Usiingize mkono kati ya bodi na chasi wakati bodi imeshikiliwa na jeki.

Dar es Salaam. Huenda umeshaiona Toyota Hilux iliyokaa juu, matairi makubwa yamejaa kwenye madigadi, ukatamani na yako iwe hivyo. Ukiingia mtandaoni unakuta video fupi: vijana wawili, jeki moja, jioni gari liko juu.

Inawezekana kweli. Kunyanyua bodi, au ‘bodi lifti’ kama wapenzi wa magari wanavyoiita, ni kazi ambayo mtu mwenye spana nzuri, sakafu ngumu na wikendi nzima anaweza kuifanya nyumbani akiwa na wasaidizi. Lakini sehemu ya kuipanda jeki ndiyo nyepesi. Kinachotaka akili ni vile vitu vyote vilivyounganishwa kati ya bodi na chasi, ambavyo vitavutika pale bodi itakapopanda.

Inafanyikaje?

Pikapu nyingi zimejengwa kwa vipande viwili. Chini kuna chasi ya chuma iliyobeba injini, giaboksi na ekseli. Juu yake imekaa kabini na bodi ya mizigo, zikitenganishwa na chasi kwa raba na kushikwa kwa bolti ndefu.

Unachofanya ni kulegeza bolti hizo, kuinua bodi na kuchomeka vidonge vya mviringo vya plastiki ngumu au aluminiamu kwenye kila raba, kisha kufunga bolti ndefu zaidi. Seti nyingi zinaongeza kati ya inchi 1 na 3, yaani milimita 25 hadi 76.

Njia hii inahusu magari yenye chasi ya kujitegemea tu: Hilux, Land Cruiser, Prado, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara, Mitsubishi L200 na Suzuki Jimny. RAV4, Harrier, X-Trail na Forester hazimo, kwa sababu bodi na chasi yake ni kitu kimoja. Hata Mitsubishi Pajero kuanzia kizazi kilichotoka 1999 iliungana na chasi yake, tofauti na zile za zamani.

Marekani kuna watu wamekuwa wakitumia visahani vya mpira vinavyochezewa hoki ya barafu, kwa sababu kila kimoja kina unene wa inchi 1 kamili. Huku kwetu utasikia mtu akishauri ukate vipande vya bomba la chuma. Achana na yote mawili. Kipande cha bomba kina ukingo mwembamba, kinaweza kuila raba na kuleta mtikisiko ndani ya kabini, na vidonge vikipangwa kimoja juu ya kingine vinaweza kuteleza. Nunua seti iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli na mwaka wa gari lako, yenye bolti zake na maelekezo yake.

Unapata nini hasa?

Hapa wengi wanajidanganya. Ukiinua bodi inchi 2, difu inabaki palepale ilipokuwa. Jiwe lililokuwa linagonga chini jana litagonga na kesho. Ulichopata ni nafasi kwenye madigadi ya kuweka tairi kubwa zaidi, na tairi hilo ndilo litakaloinua chasi.

Tuchukue mfano. Tairi ya 265/65R17, inayotumika kwenye Hilux nyingi, ina kimo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 285/70R17 unafika 831. Tofauti ni milimita 55, lakini difu itapanda nusu yake tu, kama milimita 27, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu. Inchi moja na kidogo, basi.

Tairi hilo kubwa pia linadanganya dashibodi. Kama kipima mwendo kilikuwa sahihi mwanzo, sasa kikisoma 50 wewe uko kwenye 53 na ushee. Tochi ya trafiki haitajali habari za tairi. Na kama tairi linasugua chasi kwa ndani ukikata kona, kunyanyua bodi hakutasaidia hapo, maana chasi haijasogea.

Ukitaka gari lipande lenyewe pamoja na chasi, hiyo ni kazi ya springi na shokapu, na ni mada nyingine kabisa.

Ukaguzi unaookoa maisha

Siku moja kabla, pulizia oili ya kulegeza kutu kwenye bolti zote za bodi, rudia jioni. Kwa magari ya Pwani, iwe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, chumvi ya bahari hufanya kazi yake kimyakimya. Baadhi ya pikapu nati imenaswa ndani ya bodi, na ukilazimisha bolti yenye kutu nati inang’oka inazunguka hovyo, kisha unaishia kukata sakafu ya kabini ili kuifikia. Ukikuta chuma kinachozunguka raba kimeliwa na kutu hadi kinabonyea kwa bisibisi, simamisha mradi. Gari hilo linahitaji mchomeleaji kwanza.

Kisha pita gari zima kwa simu yako, piga picha kila waya, kila bomba na kila kibano. Anza na usukani. Shafti yake inatoka kwenye kabini, ambayo inapanda, na kushuka hadi kwenye sehemu iliyofungwa kwenye chasi, ambayo haipandi. Baadhi ya shafti zina sehemu ya kuteleza inayoweza kumeza inchi 1, ila kwa inchi 2 au 3 mara nyingi utahitaji kiungio cha kurefusha kinachokuja na seti. Usikubali meno ya shafti yashikane kwa ncha tu. Yakichomoka ukiwa kwenye mwendo, unabaki umeshika duara lisilofanya kitu.

Kabla ya kuifungua shafti, nyoosha matairi, weka alama ya rangi kwenye kiungio na funga usukani usizunguke. Ukizunguka huru, utepe wa umeme wa eabegi ulio ndani yake unaweza kukatika.

Breki nazo hivyohivyo. Masta silinda iko kwenye kabini, mabomba yanashuka kwenye chasi. Angalia kama yana ulegevu wa kutosha au vibano vinaweza kusogezwa. Bomba la breki halivutwi wala halikunjwi kwa nguvu ili lifike. Kama halitoshi, badilisha na refu, kisha toa upepo kwenye mfumo mzima. Kama hujawahi kutoa upepo kwenye breki, hiyo kazi mpe fundi.

Feni ndiyo inayowashtua wengi. Kwenye pikapu nyingi feni inazungushwa na injini, na injini iko kwenye chasi. Rejeta na kava la feni vinapanda na bodi. Matokeo yake mapanga ya feni yanagonga kava upande wa chini, na mara nyingine yanaikuta rejeta. Seti nzuri ina vibano vya kushusha rejeta au kava lirudi mahali pake. Bila hivyo, usiwashe injini.

Malizia na mpira wa kujazia mafuta, waya wa hendibreki, mipira ya maji ya hita, mabomba ya AC, waya wa hasi unaounganisha bodi na chasi, na gia leva. Leva ya gia ikibaki chini wakati sakafu imepanda, itagonga ukingo wa tundu lake. Wapo wanaogundua hilo wakiwa wameshafunga kila kitu, gia ya kurudi nyuma haiingii.

Siku ya kazi

Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Siyo mchanga, siyo nyasi, siyo tofali za uani zinazocheza. Zuia matairi mbele na nyuma, chomoa waya wa hasi wa betri, na hakikisha tenki la mafuta halijajaa. Watu watatu wanatosha: wawili kwenye jeki, mmoja anaangalia waya na mabomba tu na ana ruhusa ya kupiga kelele “simama” muda wowote.

Legeza bolti zote. Kisha toa za upande mmoja, huku za upande wa pili zikibaki zimelegea bila kutoka, ili bodi isihame. Weka ubao mpana na mnene kati ya jeki na sehemu imara ya bodi, maana jeki peke yake itabonyeza bati. Inua kidogo, simama, kagua mabomba, inua tena. Ukisikia kitu kinalia au jeki inakuwa nzito ghafla, kuna kitu kimeshikilia. Kitafute, usikazane.

Bodi ikifika juu, chomeka magogo magumu kati yake na chasi pembeni mwa kila raba kabla ya kugusa kidonge. Jeki inaweza kuvuja au kuteleza bila taarifa, na nafasi hiyo ya inchi mbili tatu inatosha vidole kabisa. Tumia kijiti kusogeza kidonge kikae katikati. Shika bolti mpya kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya spana, isije ikaingia upande.

Ukimaliza upande mmoja, fanya wa pili. Kabini na bodi ya mizigo vinainuliwa kwa kiwango kilekile, vinginevyo mstari kati yake utaonekana umepinda na vitagusana barabara ikiwa mbaya. Kaza bolti kwa spana ya kupima nguvu kulingana na karatasi ya seti.

Bampa iliyofungwa kwenye chasi itabaki chini na kuacha uwazi. Kuna vibano vya kuipandisha. Usikate bampa wala kuchomelea vyuma vyako, hasa mbele, ambako baadhi ya magari yana vihisi vya eabegi.

Kabla ya kuingia barabarani

Gari likiwa limesimama, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Ingiza gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma na 4L. Kanyaga breki kwa nguvu sekunde 30, pedali isizame. Washa injini dakika kumi, chungulia chini kama kuna tone la mafuta, maji au oili ya breki. Baada ya hapo zunguka taratibu sehemu isiyo na watu, funga breki mara kadhaa, kisha rudi ukague tena.

Bolti zinahitaji kukazwa upya baada ya kilomita mia chache, kwa sababu raba na vidonge hujikandamiza. Weka kikumbusho kwenye simu. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kwa maandishi, maana mkataba wa bima unakutaka ueleze mabadiliko ya gari, na ukinyamaza unawapa sababu ya kukataa madai siku ya ajali.

Kona nazo utaziona tofauti: uzito umepanda juu, gari linalala zaidi, hivyo punguza mwendo hadi ulizoee. Na usiku wa kwanza simama mbele ya ukuta uzishushe taa. Zimepanda pamoja na bodi, na mwenye bajaji anayekuja mbele yako zitampiga moja kwa moja machoni.