Kuhesabiwa Juani

Ukifika Kisegi, kule Gwassi, Kaunti ya Homa Bay, utaona omena wameanikwa ufuoni. Ikweta iko karibu, na jua la Ziwa Viktoria halina mchezo. Kwa mtu mwenye ualbino, jua hilohilo ni suala la uhai.

Sayansi yake si ngumu. Melanini ndiyo hutia rangi ngozi, nywele na macho. Ukirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, mwili wako hutengeneza melanini kidogo tu, au hautengenezi kabisa. Nywele huwa nyeupe au rangi ya mchanga. Ngozi huungua upesi, na isipokingwa, saratani huja mapema. Macho huchezacheza, huumizwa na mwanga na hayaoni mbali, kwa sababu retina haikukomaa tangu tumboni. Miwani husaidia, lakini haimalizi shida. Ndiyo maana kuna watoto walioitwa wajinga darasani, kumbe hawauoni ubao.

Sasa, historia. Wengine waliwaona watu hawa kama mkosi, wengine kama bidhaa. Mwaka 2010, mahakama ya Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilihili, ilimfunga Mkenya aliyemvusha Mkenya mwenzake mwenye ualbino akamuuze Tanzania.

Lakini kuna upande mwingine wa hadithi. 2011, Mumbi Ngugi aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu. 2013, Isaac Mwaura akaingia Bunge kama mbunge mteule. Wote wawili wana ualbino. Miaka hiyohiyo Serikali ikaanza kugawa losheni ya jua bure, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Halafu ikaja sensa ya Agosti 2019. Kwa mara ya kwanza Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino: 9,729. Kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47, unaweza kusema ni wachache. Basi jiulize: bajeti ya losheni ilikuwa ikipangwa vipi kabla ya hapo? Huwezi kumnunulia chupa mtu ambaye kwenye vitabu vyako hayupo.

Jua la Kisegi halitapungua. Kofia pana, mikono mirefu, losheni na dawati la mbele darasani vinapatikana, bora mtu ahesabiwe, kisha akumbukwe baada ya kuhesabiwa.