Lama: Mzigo Mdogo, Njia Ndefu

Fedha ilipogunduliwa mwaka 1545 katika mlima wa Potosí, nchi ambayo leo ni Bolivia, ilibidi ifikishwe bandari ya Arica kwenye pwani ya Pasifiki. Kati ya mgodi na bahari kulikuwa na safu ya milima ya Andes. Fedha ikashuka migongoni mwa lama.

José de Acosta, padri Mhispania aliyeishi Peru, aliieleza misafara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1590: makundi ya mamia ya wanyama, mali ya thamani kubwa, na wachungaji wachache tu wa kuilinda. Alitaja pia tabia moja ya lama. Akichoka, hulala chini na mzigo wake, na hata apigwe vipi hainuki. Dawa ni mchungaji kuketi kando yake na kumbembeleza, pengine kwa saa mbili au tatu, mpaka ainuke kwa hiari yake.

Kwa mfanyabiashara mwenye haraka, huo ulikuwa udhaifu. Wenyeji wa Andes walikuwa wameuzoea kwa maelfu ya miaka, tangu wahenga wao walipomfuga guanako wa porini na kumpata lama. Ni ndugu wa ngamia: ukoo wao ulianzia Amerika Kaskazini, wengine wakavuka kwenda Asia, wengine wakashuka kusini. Damu ya lama hunasa oksijeni kwa urahisi, kwa hiyo mita 4,000 juu ya usawa wa bahari ni nyumbani kwake. Madume waliohasiwa ndio hufungwa shogi. Kila mmoja hubeba kilo 25 hadi 30, hutembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku, na chakula chake ni majani ya njiani.

Dola ya Inka, iliyotawala Andes kabla ya Wahispania, haikuwa na farasi wala magari ya magurudumu. Ilitegemea miguu ya watu na ya lama, na barabara zake, Qhapaq Ñan, zilizoenea zaidi ya kilomita 30,000, zilijengwa kwa ajili ya miguu hiyo. Ndiyo maana penye mteremko mkali waliweka ngazi za mawe. UNESCO iliziingiza barabara hizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014.

Wahispania walileta baghala, mzao wa punda na farasi, anayebeba mzigo mkubwa zaidi, na lama akasukumwa kwenye njia za pembeni. Baadaye zikaja reli na malori. Hata hivyo, misafara ya lama iliyopeleka chumvi ya Uyuni, Bolivia, mabondeni kubadilishana na mahindi iliendelea hadi karne ya 20.

Wepesi wa mwili uliomnyima kazi ndio uliompa nyingine, mbali na kwao. Lama hana kwato ngumu. Hukanyaga kwa vidole viwili vyenye nyayo laini, na njia haichimbiki. Mlima LeConte, jimbo la Tennessee nchini Marekani, una nyumba ya wageni isiyofikiwa na barabara. Farasi waliopeleka mahitaji huko waliiharibu njia, na tangu mwaka 1986 kazi hiyo ni ya lama. Katika msimu wa wageni hupanda mara tatu kwa wiki na chakula na mashuka safi, wakipita nyuma ya maporomoko ya Grotto. Wakishuka hubeba mashuka machafu na takataka.